Tulioambiwa Tupumzike

Chumba changu chote kinanuka dawa ya kuchua, ile ya kibati kidogo chekundu, yenye kafuri na karafuu na ukali mwingine ambao sijawahi kujua unatoka wapi. Tangu jana nimejipaka kupita kiasi, mpaka chai ninayokunywa inanuka dawa na mto wa kulalia unanuka dawa. Sababu ni upumbavu wangu wa Jumamosi. Siku hizi wanawake wa mtaa wetu hapa Kikula tunaamka mapema kukimbia pamoja. Tunapita barabarani tukiimba, tumevaa fulana zinazofanana, na wale wanaosukuma baiskeli za makaa wanatucheka, kwa sababu wao wanatoka jasho kwa lazima na sisi tunalitafuta kwa hiari. Nilikuwa sijakimbia muda mrefu, lakini nilitaka kuwa mbele. Sasa siwezi kushuka hata kizingiti cha mlango bila kushika ukuta, na muuguzi wa zahanati ameniagiza nikae, miguu juu ya kiti, mpaka maumivu yaishe yenyewe.

Nikae tu, basi! Mniamini, ningefurahi zaidi kama angenidunga sindano. Tangu asubuhi nimeinuka kuangalia maharagwe ambayo hayana haja ya kuangaliwa. Nimefungua dirisha nikalifunga, nimepanga viatu vilivyokuwa vimepangwa. Afadhali niandike, maana nikiandika angalau mkono unatembea. Na niwaeleze harufu hii inanirudisha wapi, kwa sababu si mara ya kwanza kuambiwa nipumzike, na mara ya kwanza nilidhani ndiyo mwisho wangu.

Utotoni tulikaa Shituru, mtaa wa kiwanda katika mji huuhuu, katika nyumba za kampuni, zile zilizojipanga mistari kando ya reli, mlango ukitazama mlango. Upepo ukitoka upande wa kiwanda ulileta harufu ya asidi iliyokwaruza koo, na akina mama walikimbia kuanua nguo kabla asidi haijazila. Hatukuwa na haja ya saa. King'ora cha kiwanda kililia alfajiri, kikalia adhuhuri, kikalia jioni, na kila kilipolia kulikuwa na baba wa mtu anayetoka na baba wa mtu anayerudi. Papa alikuwa fundi wa mitambo. Mtaani hawakumwita kwa jina, walimwita Fundi tu, na mimi nilikuwa mtoto wa Fundi. Jina langu ni Ngoie, jina la mama yake, kwa hiyo yeye aliniita "mama". Akiwa na furaha aliniamkia mbele za wageni kwa heshima zote, akiinamisha kichwa, na mimi, msichana wa darasa la tano mwenye magoti ya vumbi, nilimwitikia kwa sauti nzito ya bibi kizee.

Mwaka ninaouzungumzia, Papa alikuwa nyumbani. Mtambo mkubwa wa upande wao ulikuwa umeharibika, sehemu nzima ikasimama, na mkubwa wao akawakusanya uani akawaambia maneno machache. Papa aliturudishia maneno hayo mezani siku ileile, mbele ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo vilivyokuwa vinatoa moshi, huku akijaribu kucheka.

"Banasema tupumuzike kwanza. Batatuita."

Mama aliuliza ni lini. Papa alisema tena, "Batatuita," kisha akaenda kunawa mikono kana kwamba amemaliza kula, na alikuwa hajagusa hata tonge.

Hawakuita. Mvua zilikuja zikaisha, kiangazi kikaingia na baridi yake ya asubuhi na vumbi lake jekundu, na hawakuita. Na Papa, ndugu zangu, hakuwa mtu wa kukaa. Alitengeneza mlango wa mbele ambao haukuwa na shida, akauchonga na kuuchonga mpaka kuku akaweza kupita chini yake. Alihamisha banda la kuku kutoka upande huu wa ua kwenda ule, kisha akalirudisha, na kuku wakakataa kutaga kwa hasira. Jirani yetu alipomsikia akisema paa lao linahitaji kutazamwa, alikuja kwa Mama kumwomba, kwa adabu sana, amzuie. Mama aliuza samaki wakavu katika soko la Kikula, na kila asubuhi kabla ya kutoka alificha nyundo. Siku moja aliificha ndani ya gunia la unga. Jioni alikuta nyundo imesafishwa vizuri, inang'aa, na gunia limeshonwa upya.

Alfajiri, king'ora kilipolia, Papa aliamka kama zamani. Alivaa buti zake za kazi, akafungua mlango wake uliochongwa, akatoka. Tukiuliza anakwenda wapi alisema anakwenda kunyoosha miguu. Alirudi jua likiwa limeshapanda, buti zimejaa vumbi, na hapo tulijua tusimsemeshe kwa muda.

Mimi nilitazama mambo hayo yote nikafanya hesabu yangu ya kitoto. Papa alikuwa na nguvu, watu walimwita Fundi. Kisha mtu akamwambia apumzike. Sasa hata jirani alianza kumwita Papa Ngoie, baba wa Ngoie basi, kama mtu asiye na kitu kingine cha kuitwa. Niliona wazi kwamba hilo ndilo linalompata mtu anayekubali kukaa. Wengine wanaendelea, nafasi yake inazibika, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kusimama pale. Nikaapa moyoni kwamba mimi hakuna atakayenikalisha.

Katika hali hiyo nilichaguliwa kucheza nzango.

Kama hamuijui nzango, mmekosa raha ya uani. Wasichana wanajipanga mistari miwili inayotazamana. Wawili wanatoka mbele, wanaruka, wanapiga makofi, wanaimba na wenzao nyuma wanaitikia, na wanapotua kila mmoja anatupa mguu mbele kwa ghafla. Miguu ikikutana upande mmoja, anashinda huyu. Ikipishana, anashinda yule. Inaonekana kama mchezo wa kupoteza muda mpaka ujaribu mwenyewe. Unaruka na kuruka na kuruka, macho kwenye goti la mwenzako, na mguu wako hauna ruhusa ya kuchelewa hata chembe. Sisi wa Shituru tulikuwa tukutane na wasichana wa shule moja ya Kikula, na wasichana wa Kikula walijulikana. Walikuwa na mdomo, walikuwa na nyimbo za kututukana zilizotungwa vizuri, na walikuwa na miguu.

Mwalimu wetu, Madame Yvette, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi, aliniweka mwisho wa mstari. Mwisho, lakini ndani. Nyuma yangu, nje ya mstari, alisimama Godelive, mtoto wa dereva wa garimoshi, akisubiri mmoja wetu aharibikiwe. Godelive alikuwa msichana mwema, aliyetugawia karanga zake kila siku. Nilimchukia kabisa.

Likizo ndefu ilikuwa imetulegeza wote, na siku ya kwanza ya mazoezi Madame Yvette alitukamua. Tuliruka tukichuchumaa kutoka ukuta mpaka ukuta. Tulisimama kwa mguu mmoja mpaka tukaanza kuangukiana. Tulirukaruka bila wimbo, kwa sababu alisema wimbo unadanganya miguu. Wenzangu walipotulia kunywa maji, mimi niliendelea. Madame alipogeuza kisogo, niliongeza. Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa, nikala bukari ya kutosha watu wawili, nikalala kama gunia.

Asubuhi niliamka na miguu ya mtu mwingine.

Nilijaribu kukaa kitandani, mapaja yakakataa. Nilijaribu kusimama, mashavu ya miguu yakakaza kama kamba zilizolowa zikakauka juani. Lakini hayo yote yalikuwa utani tu, mambo yenyewe yalikuwa chooni. Nyinyi mnaojua vyoo vyetu vya nje mnajua vinamtaka mtu achuchumae. Kushuka, nilishuka kwa kuanguka taratibu, mikono yote miwili ukutani. Kupanda, hapana. Nilikaa pale nikimwita Mama kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, kwa hiyo na Mama hakusikia, na mwishowe ni Papa aliyesimama nje ya mlango wa bati akiuliza kama kuna nyoka. Nilimwambia hakuna nyoka, anyooshe mkono tu. Alininyanyua akitazama pembeni kwa heshima. Hakucheka, na hilo nilimshukuru.

Shuleni nilitembea kama bata, na kwa bahati wengine nao walitembea kama bata. Lakini wao walipumzika siku hiyo kama walivyoagizwa, na mimi jioni nilikwenda nyuma ya jiko nikaruka tena. Nilifikiri maumivu ni uvivu wa miguu, na dawa ya uvivu ni fimbo. Siku iliyofuata, tulipokusanyika uani, wengine walikuwa wamelegea kidogo, wakaanza kuruka vizuri. Mimi nilitua vibaya. Mguu wa kulia ulikuja kwa kuchelewa, kisha ukachelewa tena, na mara ya tatu nilishika bega la mwenzangu nisianguke. Madame Yvette alipuliza filimbi. Alinijia, akainama, akaniminya shavu la mguu kwa vidole viwili, na mimi nikaruka juu kuliko nilivyoruka siku nzima.

"Ngoie, hii miguu iko mawe," alisema. "Usikuye tena ku mazoezi mpaka Juma Tatu. Pumuzika kwanza. Tutakuita."

Nataka mnielewe hapo. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, mkono wake ungali juu ya goti langu. Lakini mimi niliyasikia yale maneno mawili yakifuatana, pumzika kwanza, tutakuita, yaleyale aliyoambiwa Papa. Nilimwambia niko mzima. Nilimwambia maumivu yameshaisha, na kumwonyesha niliruka, na nilipotua machozi yalinitoka. Akanielekeza kwenye kivuli cha ukuta. Kisha akageuka akasema, "Godelive, ingia," na Godelive akaingia mahali pangu, akaweka miguu yake palepale vumbi lilipokuwa na alama za miguu yangu.

Alitupa mguu vizuri, maskini. Nilikuwa nikiomba ateleze.

Siku zile nilipata kichaa. Nilichukua kibati cha dawa ya kuchua cha Mama, nikajipaka mpaka nikawaka. Kabla ya kunawa nilijifuta jicho, na nikakaa somo zima la hesabu nikilia kwa jicho moja, darasa lote likipiga chafya. Sikukaa. Wakati wa mapumziko wenzangu walipokaa, mimi nilitembea kuzunguka ua. Nikitumwa dukani, nilikwenda kwa kuruka mataruma ya reli, moja moja, nikiuma meno. Mama aliuliza kwa nini nachechemea, nikasema kiatu. Nilikuwa pekupeku. Mguu wa kulia ulianza kuvimba juu ya kisigino, ngozi ikanyooka na kung'aa, na usiku ulinipiga kwa mapigo kama moyo wa pili. Bado nilijiambia kwamba Jumatatu ni mbali mno, na mtu akikaa mpaka Jumatatu watu watakuwa wameshazoea sura ya Godelive.

Alfajiri moja king'ora kilipolia nilikuwa tayari uani, nyuma ya jiko, nikiruka. Kulikuwa na baridi, na weupe wa kwanza ulikuwa umeanza kuonekana upande wa reli. Niliruka kwa mguu wa kushoto tu, maana wa kulia ulikuwa umekataa kabisa. Niligeuka nikamkuta Papa amesimama kwenye kona ya ukuta, amevaa buti zake na koti lake la kazi. Sijui alikuwa amenitazama kwa muda gani.

"Mama," alisema, "uko nafanya nini hapa?"

"Niko naruka."

"Na mguu ya kuvimba hivi?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kwikwi, Madame, Godelive, Jumatatu. Alinisikiliza, kisha akasema neno ambalo mzazi yeyote angesema.

"Pumuzika, mama. Atakuita."

Na mimi nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Weye pia balikuambia upumuzike! Mpaka leo habayakuita!"

Jogoo wa jirani aliwika, na king'ora kilikuwa kinamalizia pumzi yake. Nilitaka kurudisha maneno mdomoni. Papa hakunifokea. Aliangalia upande wa kiwanda, ambako moshi ulikuwa unapanda wima kwa sababu upepo haukuwa umeamka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu mfukoni akijua hakimo.

"Njo maana naendaka kule kila asubui," alisema polepole. "Nasimama ku mulango ya kiwanda. Banione. Juu basinisahau."

Basi huko ndiko alikokuwa akinyoosha miguu. Nilimwona asubuhi zote zile kwa mara moja, Papa na buti zake mbele ya lango, wanaoingia wakimpita. Nilisahau mguu wangu kidogo.

Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alianza kufungua kamba za buti, ya kushoto, kisha ya kulia, akazivua akaziweka kando. Miguu yake nayo ilikuwa na hali mbaya, vidole vimechubuka, magoti yamejaa, kwa sababu mtu hasimami kila siku saa nyingi kwenye vumbi bila kulipa. Akasema, "Bon. Leo siendi. Tutapumuzika siye babili. Tutaona nani atashindwa."

Hivyo ndivyo alivyonipata, maana mimi ukinishindanisha nakubali lolote. Alimpelekea Madame salamu za mdomo kupitia mtoto wa jirani kwamba siji shuleni, mguu. Kisha akachemsha maji, akatupa chumvi ndani, akaleta beseni kubwa la bati ambalo Mama alituogeshea sisi sote tulipokuwa wachanga, akaliweka katikati ya viti viwili kwenye kibaraza. Aliufunga mguu wangu na kitambaa cha moto, akaufungua, akauchua kutoka kisigino kwenda juu kwa vidole vyake vya chuma, na nilipopiga kelele aliacha, akangoja, akaendelea. Kisha akatia miguu yake upande mmoja na mimi yangu upande mwingine.

Sijawahi kuona watu wawili wanaoteseka kwa kupumzika kama sisi. Alikuwa anatazama bawaba ya mlango, na mimi nilimwona akiitazama. Nilikuwa natingisha goti, na yeye alinigusa bega. Sisimizi walipita ukutani tukawafuata kwa macho mpaka walipoingia ufa. Nilimwomba anisimulie kitu, akanisimulia mtambo wao kwa urefu, skrubu kwa skrubu, na naomba radhi kwa kusema nililala. Adhuhuri king'ora kilipolia tulishtuka wote wawili tukasimama ndani ya beseni, maji yakamwagika kibarazani, tukatazamana, tukakaa tena. Papa alicheka mpaka akajifuta macho. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu siku ya sombe.

Mama alirudi kutoka Kikula na beseni lake la samaki kichwani, akasimama mbele yetu bila kulishusha.

"Asubui niliacha mugonjwa moya," alisema. "Sasa beko babili?"

Tulifanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Asubuhi Papa hakwenda kwenye lango la kiwanda, alikaa nami. Alasiri tu, baada ya kula, nilipolazwa na kitambaa cha chumvi mguuni, ndipo aliposema anakwenda kunyoosha miguu kidogo, na nikamwacha, maana nilikuwa nimemshinda na nilijua. Uvimbe ulishuka. Maumivu yalianza kuwa kitu cha mbali, kisha yakawa kumbukumbu ya mahali yalipokuwa. Jumapili nilichuchumaa chooni nikainuka bila kushika ukuta, nikatoka nikamwita Papa kumtangazia habari hiyo, na majirani wote wakaisikia.

Jumatatu nilikwenda mazoezini nikiwa nimejiandaa kuona mgongo wa Godelive mahali pangu. Madame Yvette alinitazama mguu, akaniambia niruke kidogo, niruke tena. Akapuliza filimbi. "Ngoie, ingia," alisema, na Godelive akatoka akinipa karanga. Na miguu ile! Sikuitambua. Niliruka na mguu ukaja kabla sijauita, mwepesi, mkali, na nilipotua haukuniambia kitu. Nilikuwa nimeupiga fimbo siku zile za mwanzo ukazidi kukataa, na nilipouacha ukarudi na zawadi. Tuliposhindana na Kikula walitufunga, sitawaficha, na wimbo waliotutungia ulidumu mtaani kwa muda mrefu. Lakini msichana aliyekutana nami mimi alirudi nyuma ya mstari wao akiwa amenyamaza.

Kwa miaka mingi nilikibeba kisa hiki kama kisa cha miguu. Niliwasimulia rafiki zangu kuhusu choo na beseni, tukacheka. Papa hawakumwita. Alifungua mahali pa kutengenezea baiskeli kando ya barabara, chini ya bati, na baiskeli za makaa zinazopita Shituru zilipata mtu wa kuzigonga kwa moyo wake wote. Kiwandani sehemu yao ilifunguliwa baadaye na watu wengine, vijana. Yeye alisema vizuri, vijana wana miguu.

Kisha siku moja nilikutana na Madame Yvette sokoni, amezeeka, filimbi hana tena, sauti bado anayo. Tulizungumza habari za wote, akaniuliza habari za Papa, na nilipomwambia anatengeneza baiskeli alicheka akapiga makofi.

"Papa yako, eh! Unakumbuka ile wakati ulikuwa mugonjwa ya mguu? Kila alasiri alikuwa anakuya, anasimama ku mulango ya masomo na bottes yake. Namuuliza, Papa, unatafuta nani? Anasema, sitafuti mutu. Niko nasimama tu, juu musimusahau mutoto wangu."

"Na weye ulimuambia nini, Madame?"

"Nilimuambia, Papa, rudia ku nyumba, Ngoie hatuwezi kumusahau. Anasema, na siye njo vile balituambia." Akapanga nyanya zake kwenye kikapu. "Fasi yako ilikuwa pale, Ngoie. Hakuna mutu alitaka kuikamata. Lakini nilimuacha asimame."

Nilirudi nyumbani siku hiyo bila kununua nilichokwenda kununua. Nilitembea haraka, nikapita njia yangu, ikabidi nirudi. Utotoni niliamini kwamba Papa aliniambia "pumuzika, atakuita" kwa sababu alijua ni kweli. Hakujua. Hakuamini hata kidogo, angeaminije? Alinikalisha kwenye kiti, akanichua mguu, akaniambia nitulie, kisha akavaa zile buti akaenda kusimama kwenye lango langu badala ya lake, ili mimi niweze kukaa bila hofu. Miguu yangu ilipona kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama kwa ajili yangu wakati mimi nimeketi. Na yeye, miezi yote ile, alisimama kwa ajili yake mwenyewe, peke yake, na hakuna aliyemwambia, "Papa, rudi nyumbani, hatuwezi kukusahau."

Sijawahi kumwambia kwamba najua. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara anaona kitu kinachohitaji kukazwa skrubu.

Asubuhi nilimpigia simu kumsalimu, nikajisahau nikataja mguu. Akauliza wenzangu wanakimbia tena lini na wanaanzia wapi, nikamwambia, na sasa tu nimeelewa kwa nini aliuliza: anatafuta pa kwenda kusimama, wasinisahau. Haya, nasikia kengele ya baiskeli nje, na mtu anajaribu bawaba ya geti langu kuona kama imelegea. Ameendesha kutoka Shituru mpaka hapa na magoti yale. Maji niliyoweka motoni kwa ajili yangu yamechemka. Nitaongeza chumvi na kuvuta kiti cha pili, na leo, kabla hajapata cha kukaza, nitamwambia avue buti zake kwanza. Beseni ni lilelile, nilihama nalo kutoka Shituru, linatosha miguu minne.